Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mvinyo Uliokomaa na Mvinyo Uliochoka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa Kampala, Entebbe na Jinja, pamoja na wenzetu waliosafiri kutoka Kabale. Mkutano mkuu uliopita uliagiza tuonje mivinyo myekundu ya zamani ya zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, ili tujue kutofautisha mvinyo uliokomaa na ule uliochoka. Agizo limetekelezwa, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya chama iliyowahi kutufunza kiasi hiki.

Jioni iliyonigusa zaidi ni ile ya chupa mbili za Stellenbosch, Afrika Kusini, za shamba moja, mavuno ya 2009. Moja ilitunzwa na mwanachama kwenye ubaridi wa Kabale. Nyingine ilinunuliwa duka moja hapa mjini, ilikokuwa imelazwa rafu ya juu chini ya taa. Tulizionja bila kujua ipi ni ipi. Tulipoinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, ya kwanza ilikuwa nyekundu katikati na rangi ya tofali ukingoni. Ya pili ilikuwa kahawia mpaka katikati. Ya kwanza ilinukia mwerezi, tumbaku na ngozi, na chini yake tunda bado lipo, mfano wa zambarau iliyoiva. Ya pili ilinukia zabibu kavu zilizopikwa, ikaishia siki. Kizibo chake kilikuwa kimelowa mpaka juu, na shingoni kulikuwa na mchirizi unaonata: mvinyo ulipata joto, ukatanuka, ukapenya. Kama uliungua dukani au ndani ya kontena kati ya Mombasa na Malaba, kwa mnywaji ni hasara ile ile.

Zabibu ya Cabernet ni ndogo, ina ganda nene, ndiyo maana mvinyo wake mchanga una ukakasi mkali. Miaka inavyopita, tanini, yaani viambato viletavyo ukakasi huo, hushikamana zenyewe kwa zenyewe na pamoja na rangi, nyingine zikatua chini kama mashapo. Kinywa hulainika. Joto huharakisha mambo haya, lakini huua tunda kabla ukakasi haujatulia. Kwa hiyo umri ulioandikwa kwenye lebo usipewe alama hata moja. Tupime kama tunda lingali hai, kama ukakasi umeungana na mwili wa mvinyo, na ladha inakaa muda gani baada ya kumeza.

Tulibishana sana juu ya harufu ya pilipili hoho mbichi. Wapo walioihesabu kuwa dalili ya uzee. Sikubaliani nao: hiyo hutokana na zabibu zilizovunwa kabla ya kuiva vizuri, na miaka haiiondoi yote.

Kwa wanaoamini kwamba ni mivinyo ya Bordeaux, Ufaransa, pekee inayostahimili miaka, naomba wakumbuke shindano la Paris la 1976, ambapo mivinyo ya California na ya Ufaransa ilionjwa pamoja bila waonjaji kuona lebo. Mvinyo mwekundu ulioshinda ulikuwa Stag's Leap ya California, mavuno ya 1973, na wengi wakasema ya Ufaransa ingeipita ikizeeka. Mwaka 2006 mivinyo ile ilionjwa upya, na Ridge Monte Bello ya 1971, ya California vilevile, ikashika nafasi ya kwanza.

Jambo dogo la utaratibu: chupa kuukuu isimamishwe wima siku moja kabla, imiminwe polepole mbele ya tochi, na isiachwe wazi kwa saa nyingi. Mvinyo mkongwe hupoteza harufu upesi.

Baadhi yenu mmependekeza akiba yetu inunue chupa moja yenye jina kubwa. Mimi napinga kwa moyo wote. Tununue kabati la kuhifadhia la nyuzi joto 13 hivi, pamoja na betri ya kulilinda umeme unapokatika, na chupa changa za bei ya kawaida tuzikuze wenyewe. Wenzetu wa Kabale wamejitolea kutunza sehemu ya chupa hizo, nasi tulinganishe matokeo mwaka hadi mwaka.

Hesabu zimekaguliwa, mweka hazina atazisoma baada yangu, kisha tutapiga kura juu ya kabati.