Kiongozi wa mlima apimwe mlimani

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu vijana wetu wa Moshi wanaotaka kuwa viongozi wa kupandisha wageni Kilimanjaro. Wengi wanaanzia upagazi, wanabeba mizigo miaka na miaka, njia wanazijua vizuri sana, alafu wanasoma kozi wanapata leseni, hilo sina shida nalo kabisa. Ninachoomba ni mtihani wenyewe ufanyike huko huko juu. Uingereza, ambako Ben Nevis ndo mlima mrefu kuliko yote na una mita 1,345 tu, anayetaka cheti cha Mountain Leader, yaani cha kuongoza watu milimani, lazima awe na siku 40 za milimani alizoziandika ndo afanyiwe tathmini, na tathmini yenyewe ni siku 5, usiku anatembea na ramani na dira huku anaangaliwa. Sisi tuna mita 5,895! Kule juu oksijeni ni kama nusu ya huku chini, mgeni anaanza kuyumba kama mlevi, anajibu hovyo, na bado anang'ang'ania kufika kilele cha Uhuru maana kalipa hela nyingi. Hapo kiongozi anatakiwa aseme tunashuka sasa hivi, hata kama Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, ipo karibu. Karatasi haiwezi kupima hilo. Mkufunzi apande naye mpaka Kibo, ajifanye mgonjwa, aone kijana anampima vipi, nani anapangwa kumshusha, na kundi lililobaki linaachiwa nani. Na ada ya kozi isimwangukie mpagazi peke yake jamani, kampuni zichangie.

Msomaji wako, Moshi