Albamu ya pili ya PFM si ile ya Kiingereza

Kwako Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu za kupinda pinda, na nikafurahi kweli, manake si kawaida gazeti la Kiswahili kuwagusa Wataliano wa bendi ya Premiata Forneria Marconi (PFM), lakini nilipofika pale mwandishi wenu anaposema albamu yao ya pili ni Photos of Ghosts ya 1973 nikaweka kikombe chini. Sio hio bwana. Ya pili ni Per un amico, imetoka 1972, mwaka ule ule walotoa ya kwanza, Storia di un minuto. Hio aloitaja ni ya tatu, na kuiita ya tatu ni heshima tu, nyingi yake ni ile ile ya pili ilovishwa maneno ya Kiingereza.

Mtasema fundi wa redio wa Malindi anajuaje mambo haya. Hapa kwetu Kitaliano tumekinywa na chai, vijana wa bichi wanauza vinyago kwa Kitaliano, mama wa maembe anataja bei kwa Kitaliano, na mie kwa kutengeneza mitambo ya Wataliano wenye nyumba za kule Casuarina nimekiokota kidogo kidogo. Mmoja wao, mzee, aliniletea gramafoni mkanda wake umelegea, wa kuubadilisha sina, nikatia ule mpira wa kufungia noti, ikazunguka vizuri tu (mpaka leo ni mpira huo huo). Alipokua anarudi kwao moja kwa moja akaniachia gramafoni na santuri kumi na kitu. Per un amico ilikua chini kabisa, jua la dirishani limeipiga ikapinda, ukiiweka sindano yapanda na kushuka kama ngalawa wakati wa kusi.

Siku ya kwanza nilidhani spika imekufa. Wimbo wa kwanza, Appena un po', unaanza pole pole mno, gita la kudonolewa kwa vidole, filimbi yatoka mbali kama mtu anakuja na njia usiku, mda wapita na hakuna aloimba, nikainuka nikaanza kugusa nyaya na bisibisi iko mkononi, mara vyote vikaja kwa pamoja, nikakaa. Generale! haina mwimbaji kabisa, inakimbia, halafu katikati wanageuka wanajeshi, ngoma ya gwaride na filimbi nyembamba, na watoto wa jirani wakifika hapo hua wanapiga mguu pande mbele ya duka langu mpaka vumbi laingia kwenye redio za watu.

Lakini kwangu mie albamu yenyewe ni Il banchetto, yaani karamu. Dakika 8 na ushei. Wageni wamekuja kumwamkia mfalme kwa adabu ile ya kinafiki, na mezani kwake mshairi yuko, muuaji yuko, baba mtakatifu naye yuko, wote marafiki zake. (Msinambie karamu hio hamjaiona hapa Kenya, na uchaguzi ukikaribia ndio zinakua mbili kwa wiki.) Halafu Flavio Premoli, mpiga vinanda wao, anaingia na sintesaiza yake, inanguruma, inazunguka, ikinyamaza yaja piano peke yake, na hapo hata tuktuk ya mteja ikingurumia mlangoni mie siinuki.

Nyimbo 5 tu, kama dakika 34 zote, basi. Mwandishi wenu ameandika pia kwamba albamu ya pili ndio huua msanii. Huenda, kwa mtoto alotoa hiti moja. Wengi wa hawa kabla ya PFM walikua wakijiita I Quelli na kazi yao ni kukodiwa studio kupigia wengine, mwimbaji Lucio Battisti akiwa mmoja wa hao wengine, kwa hivo ya pili kwao ilikua kama ya mia.

Sasa hio ya Kiingereza. Walichukuliwa na Manticore, lebo ya santuri ya bendi ya Kiingereza ya Emerson, Lake & Palmer, akaletwa Peter Sinfield, yule alokua akiandikia bendi ya King Crimson maneno, na hakutafsiri, alitunga vyake upya. Appena un po' ikawa River of Life. Geranio ikawa Promenade the Puzzle. Generale! maskini, ilokua haina neno hata moja, ikatiwa maneno ikaitwa Mr. 9 'Till 5, gwaride likageuzwa kazi ya ofisi! Il banchetto ndio iloachiwa Kitaliano chake. Najua bila santuri hio Waingereza na Wamarekani wasingewajua, hilo sibishani. Ila sikizeni kwa masikio. Kitaliano ni kama Kiswahili, neno laishia na mdomo wazi, sauti unaivuta unavotaka, Kiingereza kila mwisho wa neno mlango unafungwa na mwimbaji anabanwa kidole. Mie nimeisikia kwa simu ya kijana wangu, mara mbili, yatosha.

Na tizameni Mauro Pagani, wa fidla na filimbi. Alipotoka kwenye bendi, 1984 akafanya albamu ya Crêuza de mä na mwimbaji Fabrizio De André, yote kwa lugha ya Genova ambayo mtu wa Milano mwenyewe haimuingii, na udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, mumo humo. Nilimpigia albamu hio mzee mmoja hapa mtaani aliyekua mpigaji wa taarab za harusi, akasikiza kimya mpaka ikesha, halafu akaniuliza huyu ni wa wapi na nani alomfundisha. Kisha nafungua redio nasikia kijana wa hapa hapa, ana wimbo mtamu wa Kigiriama, prodyuza amemrudisha studio auimbe Kiingereza. Kwani nani alomwomba?

Naomba tu mchapishe sahihisho, hata likiwa mstari mmoja chini ya matokeo ya mpira. Na mkiweza muongeze kwamba hilo jina la Forneria Marconi ni la bekari moja ya mji wa Chiari, karibu na Brescia. Wateja wangu tangu niwaambie hawaiti tena PFM, waiita bendi ya boflo. Atakaye kuisikia aje dukani baada ya isha, aje na boflo lake, chai ipo. Santuri siazimi mtu.

Fundi wa redio,
Malindi