Mwanangu akimaliza kula chakula kinarudi kooni, naombeni ushauri

Habari zenu wazazi wenzangu, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mnisaidie mawazo mana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi ndo nashinda na mtoto.

Nina mtoto wa kiume wa mwaka 1 na miezi 7. Alipokuwa mchanga alikuwa anacheua sana, maziwa yanatoka mdomoni, sa nyingine mpaka puani. Nesi aliniambia nisiogope, kwamba ile sehemu ya juu ya tumbo inayozuia chakula kisirudi bado haijakaza kwa mtoto mchanga, na chakula chenyewe ni maji matupu na muda mwingi amelala, kwaiyo wengi wanacheua na wengi wanaacha wakifika mwaka hadi mwaka na nusu. Na kweli alipoanza kukaa mwenyewe ikapungua tukasahau. Sasa imerudi kivingine.

Iko hivi, anakula vizuri tu, halafu katikati ya kula anatoa ulimi nje, macho yanajaa machozi, koo linafanya ile sauti ya kutaka kutapika. Siku nyingine donge linatoka, siku nyingine anameza anaendelea. Hiyo peke yake isingenitisha sana, mana watoto wanaojifunza kutafuna wanafanya hivo, na sio kupaliwa. Mtoto aliyepaliwa kweli hewa haipiti na sauti haitoki, huyu anakohoa na kulia kabisa.

Kinachoninyima raha ni baada ya kula. Yani nusu saa imeshapita, anacheza zake, ghafla anasimama kimya, anainamisha kidevu, unaona kabisa shingoni kitu kinapanda, anakimeza tena huku amekunja uso, halafu anakuja kunivuta nguo anataka maji. Ukimnusa mdomoni ni uchachu mtupu. Usiku ndo usiseme, anaamka analia huku amejipinda mgongo kwa nyuma, anakohoa kikohozi kikavu, asubuhi sauti imekwaruza na mafua hana. Alafu kitu kingine nimeanza kukiona juzijuzi, vyakula vikavu kama mkate na nyama lazima asindikize na maji kila tonge, bila maji hakishuki.

Hospitali nimempeleka. Wakampima uzito wakaangalia kadi wakasema anakua vizuri, ataacha mwenyewe. Uzito unapanda kweli sikatai. Hatapiki damu wala matapishi ya kijani, anakojoa kawaida, tumbo halijavimba, na hizo ndo dalili nilizoambiwa nikiziona nimkimbize siku hiyo hiyo. Lakini jamani, mtoto anaweza akawa anaongezeka uzito na bado anaumia, na huyu anaumia, mimi ndo ninayelala nae. Hajui bado kusema kifua kinaniunguza.

Mama mkwe anasema ni kudeka, nimkabe nimlishe atazoea. Namheshimu sana mama na amelea watoto wengi, ila kwa hili siwezi kukubali, mana tangu aliposhikwa akalishwa kwa nguvu, akiona kijiko tu anageuza uso, chakula hakijafika hata mdomoni koo limeshaanza. Baba yake anataka tununue dawa ya kupunguza asidi tumpe. Mimi dawa ya namna hiyo kwa mtoto mdogo bila daktari kuandika sitoi, na nilivyoelewa hata madaktari hawampi kila mtoto anayecheua.

Saivi nampa chakula kidogo kidogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa, akimaliza anakaa au anatembea, hakuna kulala wala kurushwarushwa juu kwa kama nusu saa hivi, na chupa ya maziwa ya kulalia nimeiondoa. Usiku kuna nafuu kidogo. Mchana ni vilevile.

Sasa wadogo zangu, dada zangu, akina baba pia, waliopitia hii naombeni mnijibu. Mlijuaje kama ni asidi inayopanda au ni koo tu linalokataa chakula kigumu, au vyote viwili kwa pamoja? Kuna mama mmoja kaniambia wa kwake ilikuwa aleji ya maziwa ya ng'ombe, daktari akawaambia wayaondoe kwa wiki kadhaa halafu wayarudishe waone, na mtoto akabadilika. Natamani nijaribu ila wa kwangu maziwa ni sehemu kubwa ya chakula chake, naogopa kuyakata kienyeji akapungukiwa, je nyie mlimpa nini badala yake na nani aliwasimamia? Na huu woga wa kijiko unaishaje, mana hata hiyo asidi ikipona naona tutabaki na mtoto anayeogopa kula.

La mwisho, nataka kurudi hospitali na safari hii sitaki kuishia kwenye mzani. Nimemrekodi kwenye simu pale koo linapopanda, na naandika alichokula na muda kilipomrudia. Kuna kitu kingine nibebe au niulize, na niombe kuonwa na daktari wa watoto wa kawaida au yule wa mambo ya tumbo? Nasubiri majibu yenu, asanteni sana.