Umelipia kukimbia, mbona tunakutembeza?

Wiki iliyopita mteja wa kituo chetu cha tiba ya mazoezi kwa wakimbiaji alituandikia WhatsApp, herufi kubwa tupu: amelipia vipindi sita apunguze muda wake, sisi tunamtembeza kama mgonjwa. Tumemla hela. Si wa kwanza. Kila Kilimanjaro Marathon ikikaribia, hapa Moshi lawama ni hiyohiyo.

Mkimbiaji mpya pumzi humjia upesi. Mwezi mmoja tu anajiona Alphonce Simbu, yule nyota wetu wa marathoni. Mifupa na kano huchelewa, na hapo ndipo ugoko unapoanza kuuma. Sisi tunaukandamiza kwa kidole gumba, kuanzia kifundo kwenda juu. Ukisema panauma pote, tunapunguza kilomita na kazi inaendelea. Ukishtuka mahali pamoja padogo kama sarafu, hukimbii tena, unakwenda hospitali. Na eksirei ya wiki ya kwanza ikitoka safi usishangilie, maana ufa mwembamba wa mfupa mara nyingi hauonekani mapema.

Kaka mmoja tulimwambia hivyo zikiwa zimebaki siku nne. Akaenda kuchomwa sindano ya maumivu, akaingia kilomita 21. Mlima wa kwenda Mweka alipanda vizuri, anasema mwenyewe. Kuteremka ndiko kulikommaliza. Medali anayo. Magongo aliyatembelea wiki sita, na alicholipa hospitali kingemtosha kuja kwetu mwaka mzima.

Bei yetu ni 30,000 kwa kipindi. Ndiyo, mtaani unachuliwa kwa 10,000, lakini unachuliwa tu, ukitoka mguu ni uleule. Kwetu unasimama kwenye ngazi, unapandisha kisigino kwa mguu mmoja, mara kumi na tano, seti tatu, na tunahesabu mpaka utuchukie. (Ukidanganya ya kumi na mbili, tunaanza upya.)

Mwalimu mmoja alikuja kwetu akikimbia kilomita 10 kwa dakika 74. Wiki tano tulimpa dakika mbili kukimbia, moja kutembea, mwendo ambao angeweza kupokea simu bila kuhema. Alinuna kweli. Mbio zilizofuata alitumia dakika 66, na ugoko kimya.

Mlalamikaji wetu ana vipindi viwili vimebaki. Aje na vile viatu vyake vya mtumba vya soko la Memorial, ila asivifue kwanza. Tunataka kuona soli ilivyolika.