Zuhura, namba 1 ya Luongo ipandishwe

Surrey, British Columbia

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini hamjambo nyote, na mama ameanza kuizoea baridi ya Calgary, maana mara ya mwisho uliniambia amegoma kabisa kutoka nje. Sisi wazima. Watoto wanasoma, mimi bado nipo kwenye zamu za usiku.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, kisha nikaurudia. Umesema Roberto Luongo, kipa wa zamani wa Vancouver Canucks, timu yetu ya hoki ya barafuni, hastahili jezi yake namba 1 kupandishwa juu darini pale uwanjani kwetu Rogers Arena, isivaliwe tena na mtu. Kwamba mkataba wake uliitia timu hasara miaka mingi baada ya yeye kuondoka, na kwamba mwaka 2011 alituangusha kwenye fainali na Boston. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu wewe hunipi nafasi, na hili jambo linaniuma.

Nianze na mkataba, kwa kuwa ndio mashabiki wa huku walioushikia bango kuliko kitu kingine chochote. Ulisainiwa Septemba 2009: miaka 12, dola milioni 64. Ukitajiwa hivyo unaona timu ilimkabidhi mtu hazina. Lakini tazama fedha zenyewe zilivyopangwa. Msimu wa kwanza, 2010-11, alilipwa milioni 10. Misimu 7 iliyofuata ni milioni 6.7 kila mmoja. Baada ya hapo zinaporomoka: milioni 3.4, kisha 1.6, na misimu miwili ya mwisho milioni moja moja. Mkataba ungeisha akiwa na miaka 43. Kipa gani wa NHL, ligi yetu hii ya hoki, anadaka mpaka miaka 43? Wote waliosaini walijua ile miaka ya mkiani ilikuwa ya makaratasi tu.

Iliwekwa kwa nini? Ligi ina kikomo cha mishahara, na kinachohesabiwa humo si zile fedha mchezaji anazotia mfukoni mwaka huo, ni wastani wa mkataba mzima. Gawanya 64 kwa 12 unapata milioni 5.33. Kwa hiyo msimu ule aliopokea milioni 10, kwenye hesabu za ligi aliandikwa 5.33 tu, wakati kikomo kilikuwa milioni 59.4. Hiyo karibu milioni 5 iliyofichika ndiyo iliyoipa timu nafasi ya kuwalipa wenzake kina Ryan Kesler, Alex Burrows na Alexander Edler bila kuvuka mstari. Matokeo unayakumbuka: tulimaliza wa kwanza katika ligi nzima. Sasa niambie, nani alifaidika na ujanja ule? Wakati huo hakuna shabiki hata mmoja wa Vancouver aliyelalamika. Tulimsifu Mike Gillis, meneja mkuu wa timu, kwa akili ya kupiga hesabu.

Tena hatukuwa peke yetu. Majira yaleyale ya kiangazi Chicago walimpa mshambuliaji Marian Hossa miaka 12 kwa milioni 62.8, mkataba wa sampuli ileile, mnono mwanzoni na mwembamba mwishoni. Akabeba nao Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, mara 3, na mwaka 2022 namba yake 81 ikapandishwa. Kule Chicago humsikii mtu akiutaja mkataba wa Hossa kama doa. Tofauti yake na Luongo ni kombe, si karatasi. Hili ningependa ulifikirie kwa makini, kwa sababu naona hasira tuliyobaki nayo ya 2011 tumeivalisha nguo za mkataba.

Halafu ligi ikabadili sheria. Baada ya wamiliki wa timu kuwafungia wachezaji nje msimu wa 2012-13, makubaliano mapya yalisema hivi: mchezaji mwenye mkataba wa aina ile akistaafu kabla haujaisha, timu iliyonufaika itakatwa kwenye kikomo chake ile tofauti yote kati ya alicholipwa na kilichohesabiwa. Na wakairudisha sheria nyuma, iikamate hata mikataba ambayo wao wenyewe ligi walikuwa wameipitisha. Hivi upatu wetu ukishaanza, watu wameshapokea zamu zao kwa utaratibu tuliokubaliana, halafu mwenye daftari aseme waliopokea mwanzo watoe nyongeza, ungekubali? Wewe ninayekujua ungesimama.

Luongo alistaafu tarehe 26 Juni 2019 akiwa na Florida Panthers, timu tuliyomuuzia, misimu 3 ikiwa imebaki. Vancouver ikakatwa kama milioni 3 kila msimu hadi 2022, na huku watu wakawaka. Wakasema angejiandikisha majeruhi tu, abaki kwenye orodha mpaka mkataba uishe, sisi tusidaiwe. Inawezekana, wengine walifanya hivyo. Ila ona yeye alipoteza nini. Kwa kustaafu aliziacha dola milioni 3.6 za mshahara wake ziende zake. Nyonga ilishafanyiwa upasuaji, mwili umechoka, akasema sichezi tena, akamaliza. Tunamlaumu mtu kwa kukataa fedha ambazo asingezitolea jasho? Na katika miaka hiyohiyo kikomo kilikuwa milioni 81.5, huku tukimlipa mshambuliaji Loui Eriksson milioni 6 kwa mwaka na mabao hayaonekani. Kama timu ilikosa fedha, sababu zilikuwa nyingi, na kubwa zaidi zilisainiwa baada ya Luongo kuondoka.

Sasa 2011. Najua ndipo penye kidonda chako, kwa sababu usiku ule tulipokosa kombe ulikuwa katikati ya jiji na magari yakawashwa moto mbele yako. Alifungwa mabao 8 kule Boston katika mechi ya tatu. Akatolewa golini mechi ya nne, akatolewa tena ya sita. Mechi ya saba hapa nyumbani, 4-0. Siyakani hayo, na lile neno alilolisema kuhusu bao aliloruhusu Tim Thomas, kipa wa Boston, afadhali asingelisema. Lakini Zuhura, nyumbani alidaka mechi mbili za fainali bila kuruhusu bao, zote tukashinda 1-0. Ukijumlisha mabao yetu katika fainali yote, mechi 7, tulifunga 8. Nane! Boston walitufunga 23. Kipa gani angekupa kombe kwa mabao 8? Mechi ya saba hata angeruhusu moja tu tungefungwa, maana mbele tulipata sifuri. Mapacha wa Sedin, Henrik na Daniel, washambuliaji wetu ambao nawapenda kama unavyowapenda wewe, walinyamazishwa kabisa. Namba zao 22 na 33 ziko juu tangu 2020, na ni haki yao kabisa. Ila lawama za fainali ileile mbona zilimwangukia mmoja?

Mimi mtu huyu nilimjua kabla sijajua hoki. Aprili 2007 nilikuwa mgeni hapa, nalala sebuleni kwa watu, na wenyeji wangu waliwasha televisheni kuangalia mechi ya Vancouver na Dallas. Sikuelewa kwa nini mchezo unasimama, wala kile kisahani cheusi sikuweza kukifuata kwa macho. Nilichoelewa ni kwamba yule jamaa wa golini hapitwi. Ikaenda muda wa nyongeza, wa pili, wa tatu, wa nne, usiku umekuwa mkubwa na baba mwenye nyumba amesimama muda wote mkono kichwani. Mashuti 72 aliyazuia, na ilikuwa mechi yake ya kwanza ya mtoano maishani. Henrik Sedin akafunga, 5-4. Siku ya pili kazini kila mtu ana macho mekundu na kila mtu anacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa na cha kuzungumza na watu.

Na unakumbuka alipofanywa nahodha mwaka 2008? Sheria za ligi hazimruhusu kipa kuvaa herufi ya nahodha wala kufanya kazi ya nahodha barafuni. Kipa wa mwisho kuwa nahodha kabla yake alikuwa Bill Durnan wa Montreal, mwaka 1948, na walipiga marufuku kwa sababu alikuwa anatoka golini kila mara kwenda kubishana na waamuzi. Kwa hiyo Luongo asingeweza kushona ile herufi C kifuani kama manahodha wengine. Akaichora kwenye barakoa yake, chini kidevuni. Mwanangu aliona picha ile gazetini, akachukua kalamu nyeusi na kuchora C kwenye kofia yake ya baiskeli. Kofia hiyo bado iko stoo.

Kisha 2010, michezo ya Olimpiki hapahapa jijini. Canada walipofungwa na Marekani kwenye makundi, kipa Martin Brodeur akapumzishwa na Luongo akaingia. Fainali, tarehe 28 Februari, Marekani wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 24, jiji zima likaganda. Kwenye muda wa nyongeza alisimama imara mpaka Sidney Crosby akafunga, 3-2. Dhahabu. Anayesema Luongo hakushinda mechi kubwa katika uwanja ule amesahau, au ameamua kusahau.

Namna tulivyoachana naye ndiyo inayonitia uchungu hadi leo. Mwaka 2013 walitaka kumuuza ikashindikana, na akasema wazi mbele ya waandishi kwamba mkataba wake ndio kizuizi na kwamba angeweza angeufuta. Nahodha wa zamani, mwenye medali ya dhahabu, anasema hivyo bila kumlaumu mtu. Kisha wakamuuza kipa mwenzake, Cory Schneider, badala yake. Machi 2014, ile mechi maalumu ya Heritage Classic katika uwanja mkubwa wa BC Place mbele ya watu zaidi ya 54,000, akawekwa benchi na kijana Eddie Läck akadaka. Siku mbili baadaye Luongo alikuwa wa Florida. Hatukupata hata mechi ya kumuaga.

Hebu tazama alichotuachia. Florida walitupa Jacob Markström, ambaye baadaye akawa kipa wetu tegemeo, mpaka nyinyi wa Calgary mkamchukua 2020 na wewe mwenyewe ukawa unamsifu kwenye simu. Kwa kumuuza Schneider tulipata ile nafasi ya kuchagua chipukizi tuliyomchagulia Bo Horvat, ambaye akawa nahodha. Magolikipa wetu wawili wa wakati ule ndio walioijenga timu ya miaka iliyofuata. Hayo nayo yaingie kwenye hesabu ya mkataba, kama kweli tunapiga hesabu.

Kule Florida walijua wamepata nini. Msimu wa 2015-16, ana miaka 36, alishinda mechi 35 na timu ikaongoza divisheni yake. Na Februari 2018, baada ya watu 17 kuuawa kwenye shule ya Parkland, mji anakoishi yeye na familia yake, alishika kipaza sauti kabla ya mechi akazungumza na watu wake bila karatasi, sauti inamkatika. Nilimwangalia nikajua kwa nini wale walimtaka kuwa kiongozi wao. Tarehe 7 Machi 2020 wakapandisha namba 1 yake, mchezaji wa kwanza katika historia ya klabu hiyo kupewa heshima hiyo. Sasa yuko kwenye uongozi wao, na walipotwaa kombe 2024 jina lake lilichongwa humo.

Sisi tulimpa mwaka 2023 ile Ring of Honour, jina ukutani. Nilikuwepo uwanjani. Alipotokea, uwanja mzima ukaanza ule mlio wetu, "Luuuu", na jirani yangu, mzee wa Kihindi mwenye jezi iliyopauka, alikuwa analia waziwazi wala hajifuti. Hao ni watu walewale waliomzomea. Kwa hiyo usiniambie mashabiki hawamtaki. Mechi 252 alizoshinda akiwa na jezi yetu, 38 bila kuruhusu bao. Hakuna kipa mwingine wa Vancouver aliyemfikia alipoondoka. Katika ligi nzima alidaka mechi 1,044, na siku anastaafu ni Brodeur pekee aliyekuwa amedaka nyingi zaidi. Mwaka 2022 akaingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa Hoki pamoja na kina Sedin, usiku mmoja. Wale wawili tumewapandisha juu, huyu tumemwandika ukutani. Mimi sioni kilichowatofautisha isipokuwa ile karatasi ya 2009.

Kwa hiyo naomba ujibu hili moja tu, na ukijibu usinitajie fedha: kama si Luongo, ni kipa gani wa Vancouver namba yake ikae pale? Ukinipa jina nitakusikiliza.

Halima anakusalimu, anauliza lini mnakuja. Likizo ya Machi chumba kipo, na timu yako inacheza hapa, nitatafuta tiketi mapema. Mwambie mama nitamletea ile koti ya manyoya aliyoikataa, sasa ataitaka.

Wako akupendaye,
Mwanahawa