Barua kwa mwanangu: ile pembe ya ukuta

Njombe

Mwanangu Upendo,

Tangu tulipoongea Jumapili sijalala vizuri. Uligeuza simu nione meno ya mjukuu wangu, mimi nikaona ukuta. Pale pembeni, nyuma ya kitanda chake, pana vidoa vyeusi kama vumbi la mkaa. Ukasema rangi inabanduka. Upendo, huo ni ukungu. Na mtoto alikohoa mara nne, nilihesabu.

Kaka yako amenisomea habari za Awaab Ishak, mtoto wa Rochdale, hukohuko Uingereza, aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miaka 2 kwa sababu ya ukungu wa nyumbani kwao. Baba yake alilalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Sasa kuna sheria yenye jina lake. Tangu Oktoba 2025, ukiripoti ukungu wa hatari kwenye nyumba ya halmashauri kama yenu, wana siku 10 za kazi waje kukagua. Unasubiri nini kuwaandikia?

Fungua dirisha. Gesi ni ghali, umeshaniambia, wala sisemi ushinde umefungua. Dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni, la mbele na la nyuma, hewa ipite. Na zile nguo juu ya hita! Maji yake yanapanda hewani, yakikuta kioo cha baridi yanarudi maji. Ndiyo hayo unayofuta kwa taulo kila asubuhi. Anika bafuni, mlango ufungwe, feni ya kutolea hewa iwake. Sufuria ifunikwe. Kitanda cha mtoto kisiguse ukuta wa nje.

Kanisani wote wanajua binti yangu ni nesi, nawaambia mwenyewe. Unauguza vifua vya watu, halafu kwako umeziba kila tundu. Lakini uliyaona wapi? Julai za hapa tuliziba hadi chini ya mlango kwa gunia, jiko la mkaa ndani. Kile kifua chako hukuzaliwa nacho.

Baba yako amebadilisha bati la jikoni, halivuji tena. Parachichi zimepata mnunuzi, bei si mbaya. Kwa hiyo hela ya koti langu usitume, iongeze kwenye gesi. Ununue na kile kipimo kidogo cha unyevu, kisipite asilimia 60.

Jumapili nigeuzie simu nione hiyo pembe. Na dirisha pia.

Mama yako