Binti wa Safu ya Nyuma

Beijing, China
Jumapili, 15 Juni

Mpendwa Mama Asha,

Salaam nyingi zikufikie wewe, Baba Asha, watoto na walimu wenzetu wote hapo shuleni. Mimi huku ni mzima wa afya, ila joto limeanza kutukaba na usiku hakuna hata upepo wa kumfariji mtu. Ninajua kwamba nimekaa kimya tangu Februari, na kwamba barua yako ya mwisho ilikuwa na maswali ambayo sikuyajibu. Hayo ya Mzee na kiwanja chake cha Muheza nitayajibu siku nyingine, uniwie radhi. Leo ninakuandikia kwa sababu nina jambo linaloninyima usingizi, nimebakiwa na siku tano tu za kuliamua, na katika watu wote ninaowafahamu sikuona mwingine wa kumwuliza ila wewe.

Nilikudokeza kwamba muhula huu, mbali na madarasa yangu ya Kiswahili, niliombwa kushika darasa la mazungumzo ya Kiingereza la mwaka wa pili, baada ya mwalimu wao kurudi kwao ghafla. Ni wanafunzi 36, wengi wao wa uchumi na sheria, na hukutana nami mara moja kwa juma kwa vipindi viwili vya dakika 45. Siku ya kwanza niliwauliza hali, wakaitikia wote kwa pamoja kwa sentensi ya kitabuni, kwamba wao ni wazima, asante, na wewe je? Ungefumba macho, ungedhani umesimama mbele ya Kidato cha Kwanza chako. Kisha nikauliza swali lililomtaka mtu mmoja ajibu, vichwa 36 vikainama. Niliposema kama kuna mwenye swali, hakuna aliyeinua mkono. Lakini kengele ilipolia, watano walijipanga foleni mezani pangu, kila mmoja akasubiri mwenzake aondoke ndipo aniulize lake kwa sauti ya chini.

Usije ukadhani kwamba hawajui. Tangu mwaka 2001 serikali yao iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa darasa la tatu la shule ya msingi, kwa hiyo vijana hawa wamekisoma kwa miaka zaidi ya kumi. Katika mtihani wao mkuu wa kuingia chuo kikuu, ule wa mwezi Juni unaowafanya wazazi wasimame nje ya malango ya shule tangu asubuhi, Kiingereza kina alama 150 kati ya 750, na wapo darasani kwangu waliopata zaidi ya 130. Wanayajua maneno ambayo mimi mwenyewe ningelazimika kufungua kamusi. Mwezi huu tena wapo katika mtihani wa taifa wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo vikuu, ule wa daraja la nne, ambao alama zake kamili ni 710 na anayepata 425 huhesabiwa kuwa amevuka. Lakini sehemu ya kuzungumza ni mtihani wa pembeni, anayetaka huufanya na asiyetaka huuacha, na katika majimbo mengi hata ule mtihani mkuu hauhesabu alama za kuzungumza. Macho yao yamepimwa, masikio yamepimwa, kalamu zimepimwa, lakini vinywa havijawahi kuulizwa kitu. Wao wenyewe wana jina la hali hiyo: wanasema wamefundishwa Kiingereza cha bubu.

Kinachonishangaza ni kwamba wanafunzi wangu wa Kiswahili, ambao ni vijana wa umri huohuo na wa mji huuhuu, wanazungumza bila kusukumwa. Walianza Septemba bila neno hata moja, na leo wanagombania bei ya maembe ya karatasi niliyowachorea, wananiambia "kitabu yangu" na "watu kubwa", ninawasahihisha, wanarudia, tunaendelea. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na jibu ninaloliona ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufedheheshwa kwa Kiswahili. Hawana kumbukumbu ya alama nyekundu, wala ya darasa zima kugeuka na kumtazama.

Na hapo, Mama Asha, ndipo ninapokukumbuka wewe. Katika usemi wa Kichina hakuna tofauti ya mwanamume na mwanamke. Wote ni "tā", kama sisi tulivyo na "yeye" tu. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye alama 130 anaweza kunieleza habari za baba yake kwa dakika nzima akimwita "she". Silabi zao nazo huishia kwa irabu au kwa sauti ya puani, ndiyo maana neno la Kiingereza linaloishia kwa d au k wanalitia irabu ndogo mwishoni, sawasawa na sisi tulivyojipatia benki, koti na soksi. Nikiwasikiliza ninasikia nyumbani. Unakumbuka Kidato cha Kwanza, Tanga, nilipomwita Mwalimu wa Jiografia "she" mbele yake na ndevu zake zote? Ulikuwa umekaa dawati la mbele yangu. Darasa lilicheka hadi kipindi kikaisha, naye akacheka pamoja nao, nami sikufungua kinywa kwa Kiingereza hadi mwisho wa Kidato cha Pili. Wewe ndiye uliyekuwa ukinijibia. Sijawahi kukuambia kwamba katika miaka ile miwili nilikuwa nikijibu kila swali moyoni, kwa sentensi kamili.

Basi nilijua ninachokiona, na nilijaribu kutafuta mlango. Niliacha kuwaita kwa majina. Nikawapa dakika mbili za kunong'ona wawili wawili kabla ya mtu yeyote kusema kwa sauti, na darasa likaanza kuvuma kama mzinga. Kisha nikawaomba wanitumie ujumbe wa sauti usiku kwa simu, kupitia WeChat, inayomruhusu mtu sekunde 60 tu kwa mara moja. Wale ambao sikuwahi kusikia sauti zao walinitumia vipande vinne, vitano, saa tano za usiku. Mabwenini wanalala wengi chumba kimoja, kwa hiyo hutoka na kusimama kwenye ngazi, ambako taa huwashwa na sauti na hujizima zenyewe pakiwa kimya. Katika ujumbe wao ninasikia mtu anatafuta neno, ananyamaza, halafu ninasikia mguu ukipigwa sakafuni ili taa iwake tena, ndipo sentensi inaendelea. Nimezisikiliza sauti hizo mara nyingi kuliko ilivyonilazimu.

Yuko binti mmoja ambaye hata ngazini hakutoka. Anakaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, na chupa yake ya maji moto juu ya meza. Ametoka kijijini, jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi. Kazi zake za kuandika ni safi kabisa. Muhula mzima alinitumia ujumbe wa sauti mmoja wa sekunde saba, wa kunitakia usiku mwema.

Jumatano iliyopita tulifanya mtihani wa mwisho. Kila mmoja huokota kadi, hufikiri kwa dakika moja, kisha huzungumza kwa dakika nne. Kwa kutaka kuokoa muda niliwaingiza sita sita, mmoja akizungumza wengine wameketi wakisikiliza, na kosa hilo ni langu mwenyewe, kwa sababu nilikwishajua wanachokiogopa na bado nikawawekea hadhira. Kadi yake ilimtaka aeleze habari za mtu wa nyumbani kwao anayemheshimu. Alisimama. Midomo ilikuwa ikitikisika, lakini haikutoka sauti. Niliona kidole gumba kikikunja na kukunjua pembe ya kadi. Wale watano walitazama sakafu kwa adabu, jambo ambalo nadhani lilikuwa zito kuliko kama wangemtazama. Dakika mbili zilipopita nilisema asante, na nikamwita anayefuata. Alinirudishia kadi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaketi. Nikaandika sifuri.

Kesho yake nilitoka mapema kutembea, kabla ya saa kumi na mbili, kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee yenye ubaridi. Wanafunzi wengi huku husoma kwa sauti alfajiri, kila mmoja amejitafutia kona yake, na nimezoea kuwapita. Kando ya bwawa lililo nyuma ya maktaba kuna mti ambao matawi yake huyalalia maji, na chini yake nikasikia mtu akieleza kwa Kiingereza habari za bibi yake. Bibi huyo hakusoma. Kila jioni, baada ya kuwafungia kondoo, alikuwa akimwambia mjukuu wake amsomee kitabu cha Kiingereza, ingawa hakuelewa neno hata moja, na akisikia ameharakisha alimwambia arudie. Binti alipofika hapo alimwita bibi yake "he", akasita, akajisahihisha, halafu hakuendelea. Alirudi mwanzo kabisa. Mara ya pili alikosea mahali pengine, akarudi tena mwanzo. Mara ya tatu alifika mwisho. Alikuwa amenipa mgongo, na chupa ya maji moto ilikuwa chini kwenye nyasi. Nilisimama pale nyuma ya ukuta mdogo hadi alipomaliza, kisha nikaondoka kwa kunyata kama mwizi.

Sasa nisaidie. Alama za mtihani ni 60 kwa mia, na zile za mahudhurio na kazi za muhula ni 40. Anayepata chini ya 60 jumla amefeli. Yeye, kwa sifuri ile, amefeli hata nikimpa 40 zote, na itambidi afanye mtihani wa marudio mwanzoni mwa muhula ujao, ile tuliyoiita sapu, ambayo nayo itakuwa ya kusimama na kusema. Alama zinatakiwa ziwe zimeingizwa kwenye mfumo ifikapo Ijumaa. Nilichokisikia bwawani kingetosha kumpa alama nzuri kuliko nusu ya darasa. Lakini nilikisikia bila idhini yake, hakukitoa kwangu, alikitoa kwa maji na mti. Nikimpa alama kwa hicho nimewadhulumu wale 35 waliosimama wakatetemeka mbele ya wenzao, na kwa namna fulani nimemwibia na yeye pia. Nisipompa, nimeandika kwamba hajui jambo ambalo kwa masikio yangu nimesikia analijua. Mwalimu mmoja mwenzangu hapa aliniambia kwamba mtihani ni ule uliofanyika ndani ya chumba, basi. Ana haki kusema hivyo. Ila mimi kila nikiifungua ile karatasi ya alama ninaona dawati lako la mbele, na ninajiuliza mwalimu wetu angeandika nini juu yangu mwaka ule.

Nimefikiri kumwita peke yake, lakini monita wa darasa, kijana mwenye busara sana, alinieleza taratibu kwamba kabla ya jioni bweni zima lingejua, na kwa binti huyo kupendelewa hadharani ni aibu kama ile ya kufeli. Nikafikiri tena. Wazo ambalo linaniingia akilini, na ambalo nadhani nimelikopa kwako, ni kulitangazia darasa zima kwamba yeyote anayetaka kurudia mtihani kabla ya Ijumaa anaweza kuja kutembea nami kulizunguka bwawa, mmoja mmoja, na kuzungumza tukiwa tunatembea. Uliniambia zamani kwamba watoto wako waliokataa kusema darasani walikuwa wakisema njiani mkienda shamba la shule, kwa sababu mtu anayetembea hatazamwi usoni. Wakija wote 36 nitatembea na wote 36, miguu ninayo.

Lakini sina uhakika, ndiyo maana ninakuuliza. Je, hiyo ni haki, au ninaupindisha mtihani mzima kwa ajili ya mtu mmoja na kujificha nyuma ya wengine? Asipokuja je, nimwache na sifuri yake? Nimwambie siku moja kwamba nilimsikia, au hilo nife nalo? Wale watoto wako wa njiani, walipofika mtihani wa kweli walisema, au walinyamaza tena? Na wewe, ulipokuwa ukinijibia miaka ile miwili, ulikuwa ukifikiri kwamba sijui?

Nina ombi moja zaidi, hili halina haraka. Unaweza kuwarekodi wanafunzi wako kumi au kumi na tano, kila mmoja kwa chini ya dakika moja, wakijieleza kwa Kiingereza chao walichonacho, bila kusoma mahali, na makosa yao yabaki? Usiwachague wale hodari tu. Nitumie kwa barua pepe, maana WhatsApp huku haifunguki. Ninataka vijana wangu wa muhula ujao wawasikie watoto wa mbali ambao nao wanamwita mwalimu wa kiume "she" na hawarudi mwanzo, kisha wawajibu.

Nijibu kabla ya Alhamisi usiku ukiweza, hata mistari miwili. Msalimie Asha, na umwambie ile kalamu aliyonipa ndiyo iliyoandika sifuri ile, kwa hiyo sitaki kuitumia tena hadi jambo hili liishe.

Wako akupendaye,
Mama Idi